Mjukuu analowesha mswaki na kudai amepiga: Maswali ya wasomaji kuhusu meno ya watoto

SWALI: Mimi ni bibi ninayelea wajukuu wawili hapa Muheza, wa kike ana miaka 8 na wa kiume ana miaka 5. Asubuhi hawana tabu, lakini usiku ni vita. Huyu mdogo huulowesha mswaki bombani, akarudi midomo ikichuruzika maji, kisha ananiapia kwamba amekwisha kupiga. Nimemtisha kuwa nitampeleka kwa daktari akang'olewe meno yote, nimemhonga kwa pipi, na vyote viwili havikufaa. Je, kuna haja gani ya kuhangaika na meno ambayo yatang'oka yenyewe? Mimi nimekua kwa mswaki wa mti na meno yangu ninayo mpaka leo.

JIBU: Shikamoo, Bibi. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu wazazi wengi huliwaza pasipo kulitamka. Meno ya utotoni ni 20, na ni kweli kwamba huanza kung'oka mtoto akifikia miaka 6 hivi, lakini yanayotangulia kung'oka ni yale ya mbele, ilhali magego hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Mjukuu wako, basi, atayatafunia magego hayo kwa miaka 5 au zaidi, na likitoboka litamuuma kama linavyomuuma mtu mzima. Zaidi ya hayo, mtoto akikaribia miaka 6 huota magego manne ya ukubwani nyuma ya yale ya utotoni, na kwa kuwa hayasukumi jino lolote litoke, hakuna jino la kutupa juu ya paa wala mtu wa kushangilia, hata wazazi wengi huyadhania kuwa ni ya utotoni. Bila shaka mjukuu wako mkubwa anayo tayari. Hayo yakiharibika hayaoti mengine.

Usiku hasa ndio usiokubali mzaha, kwa kuwa mtu akilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayosuuza meno na kuzimua asidi inayotengenezwa na vijidudu vinapopata sukari. Lakini tazama saa tunayomwita mtoto akapige mswaki: amekwisha kula, amejinyoosha mkekani, macho yamemlemea, ndipo anaamshwa aende uani gizani peke yake. Hata mimi ningelowesha mswaki nikarudi. Sogeza kazi hiyo mbele, mara tu baada ya chakula cha jioni wakati bado wana nguvu za kucheza, na baada ya hapo wasipewe kitu kingine isipokuwa maji.

Pipi sina haja ya kuieleza sana, maana unamlipa mtu kwa kitu kile kile unachomtaka akiondoe. Kitisho cha daktari kinanisumbua zaidi. Mtoto aliyeambiwa kuwa daktari ni mtu wa kung'oa meno yote hatasema siku jino litakapomuuma. Atatafuna upande mmoja kimya kimya, na mtakuja kugundua shavu likiwa limevimba. Ukiweza, mpeleke mara moja akiwa hana maumivu yoyote, akae kwenye kile kiti kinachopanda na kushuka, aangaliwe, arudi nyumbani.

Kuhusu kiapo chake cha uongo, usigombane naye. Mwambie apitishe ukucha wake taratibu kwenye jino la mbele, pale linapokutana na ufizi, kisha autazame. Ataona ukoga mweupe laini umekaa kwenye ukucha. Mpigeni mswaki, apitishe ukucha tena mahali pale pale. Mtoto wa miaka 5 akishaona jambo hilo kwa macho yake, kwa kawaida hutaka kukukagua na wewe.

Hata hivyo, usimwachie kazi yote. Mkono wa mtoto haujakomaa kusafisha magego ya nyuma mpaka afikie miaka 7 au 8, kwa hiyo aanze yeye, halafu iwe zamu ya Bibi. Keti kwenye kigoda, umweke katikati ya magoti yako akikupa mgongo, kama unavyomkalisha dada yake unapomsuka nywele, aegemeze kichwa kifuani mwako, nawe uinue mdomo wa juu kwa kidole ili uone unachosugua. Dakika 2 zinatosha. Dawa ya meno iwe na floridi, madini yanayokinga meno yasitoboke, na isizidi ukubwa wa punje ya njegere. Ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno. Akilalamika kwamba inawasha, huenda anasema kweli, kwani nyingine ni kali mno kwa ulimi wa mtoto, basi mtafutie isiyo kali.

Mswaki wako wa mti usiuache. Ukitafunwa ncha vizuri unasafisha, ila hauna floridi ya kutosha na si rahisi kwa mtoto kuufikisha nyuma. Utumie pamoja nao, saa ile ile, wote mkiwa uani. Kisha atakayekuwa amemaliza vizuri ndiye achague hadithi ya usiku huo. Naamini kwa bibi hadithi hazikosekani.

SWALI: Ninaishi Arumeru. Binti yangu wa miaka 10 ameacha kupiga mswaki kwa sababu wenzake wanamcheka meno ya kahawia, naye anasema hata akisugua hayabadiliki. Jirani ananishauri nimpe mkaa.

JIBU: Mkubalie kwanza, kwa kuwa anasema kweli. Rangi hiyo haikutokana na uchafu. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro yana floridi, madini yale yale ya kwenye dawa ya meno, lakini nyingi kupita kiasi kutokana na miamba ya volkano, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi, huota yakiwa na madoa tayari. Mkaa na mchanga vitamlia tabaka la juu la jino bila kuondoa doa. Amekuwa akiambiwa apige mswaki meno yawe meupe, hayakuwa, akaona amedanganywa. Mpe sababu nyingine zilizo za kweli, yaani harufu ya kinywa, fizi zisizotoka damu, na meno yasiyotoboka. Daktari wa meno anaweza baadaye kuyapunguza madoa hayo au kuyafunika. Na kama ana mdogo wake, kumbuka kwamba kuchemsha maji hakuondoi floridi, na kwamba magadi ya kupikia nayo huwa na floridi nyingi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni salama zaidi kwa upande huo.