Mdahalo wa wagombea unanisaidia nini?

SWALI: Kaka mhariri, salaam aleikum. Hapa mtaani kila mwaka wa uchaguzi tunajazana kwa kinyozi kuangalia mdahalo wa urais, kelele utadhani ni mpira, halafu asubuhi kila mtu yuko na yule yule wake wa jana. Na 2022 ndo kabisa, mmoja hakuja. Sasa kukesha kwa nini?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwa kinyozi na mimi nishakaa sana na kweli sijaona mtu ametoka pale amehama chama. Lakini mimi siangalii nani kamshinda nani, manake mdomo mtamu hata muuza mitumba anao. We kumbuka 2013, ule wa kwanza kabisa wa urais, pale shule ya Brookhouse Nairobi, wagombea 8 wamepangwa mstari, na mwalimu Abduba Dida akachekesha nchi nzima, wiki nzima watu ni Dida Dida, kura kuja kuhesabiwa hakufika hata asilimia 1.

Na kususia nako hakuamui kitu. 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila akajibu maswali peke yake, Agosti akatangazwa Uhuru (ile Mahakama ya Juu ikaja kuifuta, hayo mengine). 2022 ikawa zamu ya Raila kukaa nyumbani, Ruto akabaki peke yake jukwaani, akashinda Ruto. Ila anayepunjika ni sisi, kwa sababu mgombea akiwa peke yake hakuna mpinzani wa kumwambia hapo unatudanganya, kabaki mtangazaji tu na yeye anakimbizana na saa.

Faida ninayoiona mimi ni kwamba maneno yanabaki. Shika kalamu, kila akisema nitafanya, andika atafanya nini, lini, na pesa zatoka wapi. Mimi 2022 niliandika nyuma ya kalenda ya duka, upande wa nitafanya ukajaa mpaka pembeni, upande wa pesa mistari 2. Karatasi ninayo mpaka leo, unga ukipanda naitoa naisoma.

Na mkipata mdahalo wa MCA, yule mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, hapo wadi yenu, hata uwe chini ya mwembe bila spika, enda huo kwanza. Huyo unamuuliza ule mtaro wa nyuma ya msikiti umeziba tangu lini, na hawezi kukwambia hajui, kila Ijumaa anauruka.