Kemba na tou kwa gari la kazini linaloingia uwanjani

Karatasi ya alaimenti (upimaji wa mkao wa magurudumu) ikitoka kwenye mashine ikiwa ya kijani kila mahali, watu wengi hulipa na kuondoka. Kijani hicho kinasema jambo dogo sana: vipimo vimeingia katika kiwango alichokipanga mtengenezaji kwa dereva wa kawaida kwenye barabara ya kawaida. Kama wikendi unalichukua gari hilo hilo kukimbizana na saa pale Whistling Morans, uwanja wa mbio za magari, au kupanda kona za mbio za Kiamburing kule Kiambu, inabidi uingie gereji ukiwa na namba zako mkononi. Fundi hawezi kukisia unachokitaka.

Naendesha Subaru Impreza WRX ya umbo la GD (sedani ya kizazi cha pili), na kwa siku nyingi za wiki kazi yake ni foleni ya Barabara ya Mombasa. Namba nilizozichagua ni hizi, na maneno yenyewe nitayaeleza hapa chini: mbele, kemba hasi digrii 2 kila upande; nyuma, kemba hasi digrii 1 na nusu; tou ya mbele sifuri; tou ya nyuma imefunga ndani milimita 1 kwa jumla. Kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani ukitazamwa kutoka ubavuni, nimeiacha ilipo. Usizinakili kabla hujasoma sababu zake, kwa maana sababu ndizo zitakazokusaidia gari lako likiwa Altezza, Golf au Vitz.

Nianze na kemba, kwa ambao neno hili wanalisikia tu gereji. Ukisimama mbele ya gari ukaona magurudumu yamelala ndani kwa juu, hiyo ni kemba hasi. Faida yake inaonekana kwenye kona. Gari likikata kona kwa kasi, mwili hulala upande wa nje, na tairi ya nje, ambayo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, hulazwa pamoja na mwili mpaka ikatembelea bega lake la nje. Impreza ina strati (shokomzoba na springi zilizounganishwa kuwa nguzo moja inayoshika gurudumu) mbele na nyuma, na strati ikibonyea hurudisha kemba kidogo tu. Tuseme mwili umelala digrii 3 na strati imerudisha digrii 1: tairi imepoteza digrii 2. Ikiwa ulianza karibu na sifuri, kama Impreza nyingi zinavyotoka kiwandani kwa mbele, sasa unakata kona kwa kipande cha tairi. Ukiwa umeanza na hasi 2, mpira wote unakanyaga lami.

Ndiyo maana gari lenye wishiboni mbili (mkono wa juu na wa chini kwa kila gurudumu), kama Altezza, huridhika na kemba ndogo kuliko Subaru: maumbile ya mikono yake yenyewe huilaza tairi ndani kadiri inavyobonyea. Na ndiyo maana pia sipendi kuona Impreza imeshushwa mpaka inalamba lami. Mkono wa chini ukishapita ulalo na kuelekea juu, strati inaanza kupoteza hata ile kemba kidogo iliyokuwa ikiirudisha. Gari linapendeza kwa macho huku likishika kona vibaya kuliko mwanzo.

Sasa tou. Hiki ndicho kipimo ninachotaka ukikumbuke kuliko vyote, kwa sababu lawama zake hubebeshwa kemba. Tou ni tofauti ya umbali kati ya tairi mbili zikipimwa kwa mbele na kwa nyuma. Zikikaribiana kwa mbele, zimefunga ndani. Zikiachana, zimefungua nje. Gurudumu lenye tou haliviringiki tu, linaburutwa pembeni mfululizo kama mtu anayetembea huku akikokota kiatu. Piga hesabu mwenyewe. Tou ya milimita 3 kwa jumla ni milimita 1.5 kwa kila gurudumu. Kwenye tairi ya kipenyo cha milimita 600, hiyo ni sawa na kuburutwa pembeni mita 2.5 katika kila kilomita moja. Kwa mwendo wa kilomita 20,000, mpira umekwanguliwa kilomita 50 kwa upande, na bado hujakata kona hata moja.

Kemba ya hasi digrii 2 haifanyi uharibifu wa namna hiyo. Inakula bega la ndani, ndiyo, lakini inakula polepole na kwa ulaini. Kinachoua tairi ni kemba kubwa ikikutana na tou iliyofungua nje: mzigo uko ndani, na mburuzo uko ndani. Kuna watu watakushauri ufungue tou ya mbele ili gari liingie kona haraka. Ni kweli litaingia haraka, na kwenye gari linalobebwa juu ya trela hadi uwanjani ningefanya hivyo. Kwa gari linalorudi Mlolongo saa mbili za usiku, kwenye lami iliyochimbwa mifereji na malori, sikushauri kabisa. Usukani hautulii, kila mfereji unalivuta gari, na wewe umechoka. Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: tairi nitakazozilipa, nizilipe kwa ajili ya kemba, kwa sababu kemba inanirudishia kitu kwenye kona. Tou ibaki sifuri.

Kwa nyuma nimeacha ile milimita 1 ya kufunga ndani kwa sababu ya breki. Ukikanyaga breki kwa nguvu kuelekea kona, uzito hukimbilia mbele na nyuma inakuwa nyepesi. Tou ikifungua nje wakati huo, mkia unaanza kutangatanga. Milimita moja inatosha kuutuliza. Na kule kuipa mbele kemba kubwa kuliko nyuma ni tiba ya ugonjwa wa Impreza wanaoufahamu wote waliowahi kulisukuma hili gari: pua kukataa kona na kujitanua nje.

Wenye Subaru tuna sababu moja zaidi ya kuogopa tou. Magurudumu yote manne yanavuta, na tairi zinatakiwa zilingane mzingo, la sivyo difu ya katikati (gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) inafanya kazi muda wote na kupata joto bure. Ukimaliza tairi mbili za mbele huwezi kununua mbili mpya kwa roho safi wakati za nyuma zimefika nusu. Alaimenti mbovu kwetu inagharimu tairi nne.

Kabla ya kupanda kwenye mashine, gari lichunguzwe. Tairodi (fito za usukani, ambazo ndizo hurekebisha tou ya mbele), boljointi (viungo vya duara), bushi za mikono (mipira ya kwenye maungio) na beringi za magurudumu zikiwa na mchezo, yaani zimelegea, namba zitakazosomeka ni za gari lililosimama tu; ukishaondoka, kila kitu kinahama. Kwa mashimo na matuta tunayoyapita, bushi ndizo za kwanza kuchoka. Tairi zote zijazwe upepo sawa. Tangi liwe nusu. Na uzito wako uwe kwenye kiti cha dereva, uwe mwenyewe au mifuko ya saruji yenye kilo zako. Mafundi wengine watashangaa. Waombe kwa heshima; kazi ni yako na gari ni lako.

Mpangilio wa kazi una maana. Nyuma kwanza, halafu mbele, kwa sababu tou ya nyuma ndiyo inayoamua gari linaelekea wapi. Nyuma ikiwa imepinda, usukani utapinda hata kama mbele umeipima kwa dhahabu. Mbele, kemba itangulie na tou iwe ya mwisho, kwani ukigusa kemba tou inahama. Fundi akikuambia ameongeza kemba bila kurudi kwenye tairodi, kazi haijaisha.

Kwenye Impreza hizi, bolti ya juu inayoshikanisha strati ya mbele na gurudumu ina tumbo upande mmoja. Ukiizungusha, gurudumu linalala au linasimama. Mara nyingi haifiki digrii 2 peke yake, ndipo unapohitaji bolti ya pili ya namna hiyo au sahani za kemba, zinazokuwezesha kusogeza kichwa cha strati ndani au nje. Nyuma, kiwanda kiliweka marekebisho ya tou tu; kemba unayoiona kwenye gari langu imeletwa na springi fupi. Pande mbili zisipofika sawa, chukua ile namba ndogo na uiweke pande zote mbili. Wapo mafundi wanaopenda kuacha tofauti kidogo kushoto na kulia kwa sababu lami yetu inainamia kushoto ili maji yatoke, na gari huvutwa huko. Kwa gari linalokwenda uwanjani nakataa. Nataka likate kona ya kulia na ya kushoto kwa tabia moja, na huo mvuto mdogo naushika kwa mkono.

Halafu soma karatasi vizuri. Mashine nyingi huandika digrii na dakika, na digrii moja ina dakika 60. 1°30' ni digrii moja na nusu. Ukiisoma kama 1.3 utakuwa unabishana na fundi ambaye amefanya kazi sahihi.

Namba zikishawekwa, tairi ndizo zitakazokuambia kama umechagua vyema. Ukiwa uwanjani, chora mstari wa chaki kuvuka ukingo wa tairi ya mbele, kuanzia kwenye mpira unaokanyaga hadi ubavuni, kisha piga mizunguko michache kwa kasi. Chaki ikifutika mpaka ubavuni, tairi inajikunja: upepo haujatosha au kemba ni ndogo. Mwenye kipimajoto cha sindano apime mara tu anapoingia maegeshoni, ndani, kati na nje. Ndani kukiwa na joto kuliko nje kwa nyuzi 5 hadi 10 ni sawa kabisa. Nje kukiwa na joto zaidi, ongeza kemba. Katikati kukizidi pande zote, punguza upepo.

Nyumbani tumia kiganja. Kipitishe juu ya mpira kutoka ndani kwenda nje, kisha urudishe. Ukiwa laini kiganja kikienda na unakwaruza kikirudi, au kinyume chake, hiyo ni tou, wala usiisingizie kemba. Na uiname uangalie bega la ndani kwa tochi, au uzungushe usukani hadi mwisho ulione. Tairi yenye kemba inaweza kuonekana mpya kwa nje huku nyaya zinakaribia kutokeza kwa ndani, na askari wa barabarani hataiona. Mvua za Aprili zikikukuta hivyo kwenye Southern Bypass, gari litaelea juu ya maji.

Kwa anayeendesha safari ndefu kila siku, Thika hadi mjini na kurudi, na uwanjani anaingia mara chache kwa mwaka, digrii 2 ni nyingi. Weka hasi 1 na dakika 15 mbele, hasi 1 nyuma, tou kama yangu. Utapoteza kidogo kwenye kona, lakini utapata breki imara zaidi kwenye mstari ulionyooka, kwa kuwa tairi inakanyaga kwa upana wake wote. Hizo sahani za kemba za kubadilisha asubuhi ya mashindano na kurudisha jioni, ziache hadi ujue kupima tou mwenyewe kwa uzi wa kuvulia samaki uliofungwa kwenye stendi nne kandokando ya gari. Bila uzi huo, kila ukilaza magurudumu unaingia uwanjani na tou usiyoijua.

Na ukiangukia shimo la maana, lile linalokufanya uzime redio usikilize, usingoje tairi ikuonyeshe. Nyoosha usukani kwenye barabara tambarare; kama nembo yake haijakaa palepale ilipokuwa ulipotoka gereji, rudi ukapimwe upya wiki hiyo hiyo, na umwambie fundi aanze na tairodi ya upande ulioangukia.