Kabla hujawatangazia wanafunzi: ninavyosoma tafiti mpya kwa simu

Jumatatu ya mwisho ya Julai 2023 niliingia darasa la Kidato cha Sita macho mekundu kwa kukesha, nikafuta ubao wote, nikaandika kwa herufi kubwa: LK-99. Nikawaambia vijana kwamba fizikia waliyokaririshwa imepitwa na wakati. Watafiti wa Korea ya Kusini wamepata kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote, na hakihitaji baridi kali ya heliamu au naitrojeni kimiminika. Kinafanya kazi hapahapa kwenye joto letu la Morogoro, hadi nyuzi 127. Kimeundwa kwa risasi, shaba, fosforasi na oksijeni, vitu ambavyo jina la kila kimoja mnalijua. Nikawaonyesha video ya kipande cheusi kinachoning'inia nusunusu juu ya sumaku.

Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, nani mwingine amekipima?"

Nikamjibu kwamba tusiwe watu wa kukatishana tamaa.

Haikufika mwisho wa Agosti nikarudi kwenye ubao uleule kufuta nilichosema. Nimeandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu na wanafunzi ambao, kama mimi, hawana maktaba ya chuo wala mtu wa karibu wa kumuuliza, ila wana simu na bando, na wanapenda kujua mambo yakiwa bado ya moto.

Andiko la watafiti wale lilipandishwa tarehe 22 Julai kwenye arXiv, hazina ya mtandaoni ambako watafiti hupandisha maandiko yao wenyewe. Hiyo X ni herufi khi ya Kigiriki, kwa hiyo jina linatamkwa "akaivu". Mwanafizikia Paul Ginsparg aliianzisha mwaka 1991 akiwa Los Alamos, Marekani, na mwaka 2001 ikahamia Chuo Kikuu cha Cornell. Hisabati, fizikia, sayansi ya kompyuta, takwimu: maandiko zaidi ya milioni mbili, yote bure. Kwa mwalimu wa mkoani hii ni neema ya ajabu. Nilipokuwa chuo tulikuwa tunagombea nakala moja ya jarida la miaka sita nyuma, tena lenye kurasa zilizochanwa.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kilichomo humo kimeshapita kwenye chujio. Wasimamizi wa arXiv huangalia kama andiko ni la kisayansi na limewekwa fungu linalostahili. Hawakai kupima uthibitisho wala kurudia jaribio. Kazi hiyo hufanywa baadaye, na majarida au na wataalamu wengine wanaosoma na kupinga. Anayefungua andiko la jana anachungulia sufuria ambayo haijainjikwa vizuri.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ningeweza kushtuka mwenyewe bila maabara yoyote. Mkemia wa Chuo Kikuu cha Illinois, Prashant Jain, aliona namba moja iliyomgusa kwenye data za Wakorea: kwenye nyuzi 104.8 ukinzani mahususi ulishuka mara kumi hivi, kutoka 0.02 hadi 0.002 omu-sentimita. Yeye alikuwa ameshafanya kazi na mchanganyiko wa shaba na salfa, akajua kwamba kitu hicho hubadilika umbo lake la ndani kwenye joto hilohilo. Na shaba-salfa ilikuwa uchafu uliobaki kwenye kipande cha Korea. Uchafu ndio uliofanya muujiza. Ujuzi wa Jain sina. Lakini ukinzani mahususi wa shaba ninao, uko kwenye jedwali nililolibandika ukutani: takriban 0.0000017 omu-sentimita. Gawanya. Hata baada ya kushuka, ile 0.002 ni mbovu kuliko waya wa kawaida wa dukani zaidi ya mara elfu moja. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili angeifanya hesabu hiyo nikiwa nachonga chaki.

Baadaye kidogo watafiti wa taasisi ya Max Planck kule Stuttgart, Ujerumani, walitengeneza fuwele safi ya kitu hicho, bila salfa. Haikupitisha umeme kabisa. Ukinzani wake ulikuwa wa mamilioni ya omu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolifanya siku hizi, kabla hata sijaelewa kichwa cha habari, ni kutafuta grafu na kusoma mhimili wa wima: namba gani, kipimo gani. Kisha nachukua kitu ninachokijua, shaba, maji, uzito wa tofali, nakiweka kando ya namba hiyo. Maneno ya ikisiri huandikwa na mtu mwenye furaha. Mhimili hauna furaha.

La pili ni kusoma namba ya andiko. Lile la LK-99 ni 2307.12008. Tarakimu nne za mwanzo ni mwaka na mwezi: 2023, Julai. Ukiona alama ya v1 mwishoni, ujue hilo ni toleo la kwanza. V2 au v3 maana yake wenyewe wamerudi kusahihisha, na mara nyingi huacha sentensi fupi kueleza walichobadilisha. Sentensi hiyo fupi huwa na ukweli kuliko kurasa kumi za utangulizi. Kisha nakili namba hiyo, itafute mtandaoni, uone nani wameitaja baada yake. Yule kijana wa nyuma aliniuliza swali hili hasa, nikamziba mdomo.

Subira hii isikufanye udharau kila kisicho kwenye jarida. Novemba 2002 Grigori Perelman wa Urusi alipandisha arXiv andiko la kwanza kati ya matatu yaliyothibitisha dhanio la Poincaré, swali la hisabati lililokuwa halijajibiwa tangu 1904. Hakuyapeleka kwenye jarida lolote, mpaka leo. Wataalamu walikaa nayo miaka kadhaa wakiyapima mstari kwa mstari, yakasimama. Mwaka 2010 akapewa zawadi ya dola milioni moja, akaikataa. (Nikisimulia hili darasani, sehemu ya dola ndiyo inayoleta kelele, Poincaré mwenyewe hana bahati.) Hivyo sipimi andiko kwa jarida. Naangalia limekaa muda gani mikononi mwa watu wanaolitakia kuanguka, na bado limesimama.

Kwenye sayansi ya kompyuta nina kanuni kali zaidi, kwa sababu huko ndiko mafuriko yaliko. Sifungui andiko la akili mnemba ambalo halijamaliza mwezi. Najua kwa kanuni hii ningechelewa hata lile la Juni 2017 la watafiti wa Google lililoleta transfoma, mtambo ulio ndani ya hizi programu zinazojibu maswali kwa maandishi. Ningechelewa mwezi mmoja. Nisingepungukiwa chochote.

Na usikeshe. Orodha mpya hutoka saa tisa au saa kumi usiku kwa saa zetu, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kufuata majira ya Marekani. Nilikuwa naamka kuisubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira. Asubuhi ipo palepale. Ukisoma kwa simu, chagua toleo la HTML pale lilipo. Maandishi hujipanga yenyewe kwenye kioo kidogo, huhitaji kuvuta kurasa kulia na kushoto hadi macho yaume.

Lakini ushauri ninaoupenda kuliko wote ni huu: tafuta andiko unaloweza kulishika kwa mikono. Baada ya aibu ya LK-99 nilitaka kuwapa vijana kitu ambacho hawatalazimika kuniamini. Nikaipata 2303.10798, ya Machi mwaka huohuo. David Smith, Mwingereza mstaafu aliyekuwa fundi wa mambo ya uchapaji, si profesa wa popote, alikuwa akicheza na maumbo ya karatasi nyumbani akagundua umbo moja lenye pande 13, linalofanana na kofia. Akishirikiana na Craig Kaplan, Joseph Myers na Chaim Goodman-Strauss, walithibitisha kwamba umbo hilo linaweza kutandazwa kwenye sakafu isiyo na mwisho bila kuacha mwanya, na mpangilio wake kamwe haujirudii kama sakafu za kawaida. Mwaka 1966 Robert Berger alihitaji maumbo zaidi ya elfu ishirini kufanya hivyo. Roger Penrose akayapunguza hadi mawili miaka ya sabini. Kisha likaja moja.

Uthibitisho wake sikuuelewa wote, na sioni aibu. Kuchora ni rahisi: chora mtandao wa pembesita, kila moja igawe vipande sita kwa kuunganisha katikati yake na katikati ya kila upande. Kila kipande kina umbo la tiara. Kofia ni tiara nane zilizoshikana. Tulikata kofia mia na kitu za karatasi ya manila, tukazipanga chini, darasa zima limepiga magoti. Watu walikwama, wakabomoa, wakaanza upya. Ndipo wakagundua wenyewe kile nilichokuwa nimekisoma nikakipita: kuna kofia lazima uzigeuze kifudifudi, moja kwa kila saba hivi zilizolala kawaida.

Shuleni siku hiyo alikuwepo fundi marumaru akitengeneza sakafu ya ofisi. Akasimama mlangoni, akatazama muda mrefu, akasema: "Mwalimu, hii haiwezekani. Tailizi ina uso mmoja. Ukiigeuza, mng'aro unaenda chini kwenye saruji."

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali lake. Kumbe wale wanne walikuwa wameshalijibu tangu Mei, kwenye andiko la pili: umbo wanaloliita "spectre", ndugu wa kofia, lenye kingo zilizopindishwa mithili ya herufi S, ambalo hutandazwa bila kugeuza hata kimoja. Kesho yake nikampelekea mchoro. Akaugeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye zile kingo, akauliza zinakatwa kwa mashine gani, halafu akanitajia bei ya kila kipande. Mchoro bado ninao. Sakafu ya ofisi ina miraba.