Bisbisi ndiyo iliyoniamulia

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni kitu gani kibovu ulichokataa kukitupa, na uliamuaje kwamba kinafaa kuokolewa?"

Changu ni gari. Toyota Land Cruiser HJ60 ya mwaka 1984, stesheni wagoni ya dizeli, iliyokaa miaka tisa chini ya mti nyumbani kwa mjomba wangu. Utotoni tulikuwa tunajazana humo watoto saba, wakubwa wakikaa wadogo wakipakatwa, na mizigo juu ya keria. Lakini sikuliokoa kwa ajili ya kumbukumbu. Kumbukumbu hazihitaji kuchomelewa. Nataka kujibu hasa lile neno lenu "uliamuaje", maana hapo ndipo nilipoona watu wengi wanapotea.

Mtu akienda kutazama gari la zamani, kitu cha kwanza anafungua boneti. Anataka kusikia injini ikinguruma. Ikiwaka, anatoa pesa, isipowaka, anaondoka. Mimi naona ni kinyume. Injini ya zamani, hata iliyokufa, hutengenezwa au hubadilishwa. Kinachoua magari haya ni kutu, na kutu haikai chini ya boneti ikikungojea.

Kwa hiyo siku ile sikuigusa boneti. Nilikwenda na bisbisi kuukuu, nyundo ndogo, tochi, na sumaku niliyoizungushia kitambaa isikwaruze rangi. Nikatandika gunia nikaingia chini.

Magari ya aina hii yana bahati moja. Toyota walipoutoa mfululizo huu wa 60 mwaka 1980 kushika nafasi ya ule wa 55, uliokuwapo tangu 1967, waliweka mazulia na viti vya heshima juu, lakini chini waliacha lori: chesisi (fremu ya chuma) ya peke yake, ekseli za chuma kizima mbele na nyuma, springi za majani kila pembe. Range Rover ilikuwa na springi za koili tangu 1970. Land Cruiser kubwa ilingoja mpaka mfululizo wa 80 ulipokuja mwaka 1990. Abiria alilipia uamuzi huo kwa kurushwarushwa. Mwokoaji anafaidi, kwa sababu bodi imefungwa kwa bolti juu ya chesisi, na kila kimoja kina maisha yake.

Nikaanza kugonga. Chuma kizima hulia "ngee", kile kilicholiwa kwa ndani hujibu "pu", kama unagonga debe lililojaa mchanga. Nilipita chesisi yote, nikarudia mara mbili pale inapopanda juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaponing'inia, kwani tope hulala hapo na unyevu hautoki. Ngee, ngee, ngee. Bisbisi ilikwaruza tu, haikuzama.

Bodi ikawa hadithi nyingine. Sumaku ilishika mlango, ikashika ubavu, kisha juu ya tao la tairi la nyuma kushoto ikadondoka miguuni pangu. Rangi ilikuwa nzuri kabisa hapo, nzuri kuliko kwingine kote, na hiyo yenyewe ilitosha kunitia shaka. Nikasukuma bisbisi. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Kilichomeguka ni puti nene kama kidole, na nyuma ya puti yamekunjwakunjwa magazeti. Fundi mmoja wa zamani aliziba tundu kwa karatasi, akapaka puti, akapiga msasa, akapiga rangi, akalipwa. (Samahani, Mhariri, nilijaribu kusoma, halikuwa toleo lenu.)

Nikainuka nikamwambia mzee, "Mjomba, nalichukua."

"Mjomba, hata stata hujapiga?"

"Betri ziko wapi nipige?"

Akacheka. Betri ziliondoka siku nyingi.

Uamuzi wangu ulikuwa umeshakamilika pale. Bodi iliyooza unaikata ukaweka bati jipya. Chesisi ikishaoza, na hasa karibu na springi, mimi ningelishukuru gari na kulichinja vipuri viokoe mengine.

Injini nitaipitia haraka. Ni 2H, silinda sita, cc 3,980, haina tabo, haina mkanda wa taimingi, haina kompyuta. Kosa la kuepuka ni kuunganisha betri na kupiga stata siku hiyohiyo. Nilifungua plagi za kupashia joto, nikamimina oili kidogo kila silinda, nikaiacha siku tatu, ndipo nikaizungusha kwa mkono na spana ndefu kwenye bolti ya puli ya mbele. Iligoma, ikakohoa, ikazunguka. Tangi nililishusha zima: dizeli ya miaka tisa ilikuwa na maji chini na utelezi mweusi uliogandamana kwenye mfyonzo. Baada ya kusafisha, nikabadilisha filta, nikatoa hewa kwa pampu ya mkono mpaka dizeli ilipotoka bila mapovu. Breki nilizitengeneza kabla ya kuliwasha, maana gari lisilowaka halijawahi kumgonga mtu.

Kazi iliyonila ni ekseli ya mbele. Ukiona mafuta yanachuruzika nyuma ya tairi la mbele kwenye gari la zamani la foo-wili (linalovutwa na tairi zote nne), usiridhike kufuta. Pale kwenye kona ya ekseli kuna tufe kubwa la chuma, na ndani yake jointi inayoruhusu tairi kukata kona huku linavutwa. Jointi hiyo inaishi kwenye grisi. Upande wa difu kuna oili. Kinachozitenganisha ni sili ya mpira isiyozidi upana wa kiganja. Sili ikifa, oili inatambaa kwenye grisi, viwili vinachanganyika, na ukifungua unakuta tope laini la kijivu linalonuka yai bovu. Langu lilijaa ndoo nusu.

Nilipolifuta tope ndipo nilipoona beringi za kingipini, zile za juu na chini ambazo kona nzima huzungukia. Kwenye vikombe vyake kulikuwa na vijishimo vidogo vimepangana kama vya bao. Gari huenda mbele muda mwingi, usukani ukiwa sawa, kwa hiyo roli zilikuwa zimegonga mahali palepale miaka yote mpaka zikajichimbia vitanda. Nikakumbuka mjomba alivyokuwa akisema usukani wake "unapenda katikati". Haukupenda. Ulikuwa unanasa kwenye vishimo. Beringi mpya, sili mpya, vibati vyembamba vya kupimia ukazo, na jointi zenyewe nikazibadilisha upande, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, ili zianze kula upande ambao haujalika. Hilo nilifundishwa na fundi mzee ambaye hakutaka kunishikia spana hata moja. Alikaa kwenye kopo akinitazama.

Na yeye ndiye aliyenikemea kwa ujinga wangu mkubwa. Nilikuwa nimeipaka chesisi lami nyeusi nzito, ikang'aa, nikajiona nimemaliza. Alikwangua kwa ukucha pembeni ya daraja la nyuma la chesisi, kile chuma kinachoikatiza, lami ikatoka kama ganda, na chini yake kutu mbichi, yenye unyevu. Nilikuwa nimeifunika ikiwa hai. Wiki mbili nilikwangua kile nilichokipaka kwa siku moja, nikarudi kwenye chuma cheupe, praima ya zinki, rangi, na ndani ya mabomba ya chesisi nikapuliza nta inayotambaa. Kuhusu milango, kazi iliyosaidia kuliko zote haikugharimu chochote: kila mlango una matundu ya kutolea maji kwa chini, na yote yalikuwa yamezibwa na tope. Maji hupita pembeni mwa kioo kila mvua inaponyesha, hilo ni la kawaida. Shida ni yakikosa pa kutokea. Waya mwembamba, dakika kumi.

Kuna niliyoyaacha. Boneti imepauka na sikuipiga rangi. Nyuma ya kiti cha dereva kuna herufi ya kwanza ya jina la dada yangu, imechorwa kwa msumari, na aliyeichora ni mimi ingawa aliyechapwa ni yeye. Nimeacha kiti hicho na ngozi yake.

Mikanda sikuiacha. Wapenzi wa magari haya hukasirika ukigusa kitu cha asili, lakini gari hili halina mfuko wa hewa wala breki za kuzuia tairi kufunga, na kiti cha nyuma kilikuwa na mikanda ya kiunoni tu. Nimefunga ya mabegani, kwenye sehemu za bodi zilizoongezewa bati la kutosha, na hakuna tena kupakatana. Mama alipopanda mara ya kwanza aliuliza wale watoto saba wangekaa wapi. Nikamwambia wanne wangepanda basi.

Bado lever ya foo-wili inarudi yenyewe nikipita kwenye mashimo. Nadhani ni springi na kigololo chake ndani ya kasha la gia. Jumamosi nalifungua.