Karatasi ya manjano: ishara, jazanda au sitiari?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Katika insha yangu juu ya hadithi fupi ya Charlotte Perkins Gilman, "The Yellow Wallpaper", niliandika: "Karatasi ya ukutani ni jazanda ya unyanyasaji wa wanawake." Msahihishaji amekata jazanda akaandika ishara, akakata unyanyasaji akaandika ukandamizaji. Hakueleza kwa nini. Kuna tofauti kweli, au ni ladha tu? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kalamu nyekundu haikukosea, ila ilifanya uvivu wa kueleza.

Kwa wasioisoma: hadithi ilichapishwa Marekani mwaka 1892. Mwanamke aliyejifungua karibuni ameelemewa na huzuni. Mumewe John, ambaye ni daktari, anamweka katika chumba cha ghorofani kilichoonekana kuwa cha watoto zamani. Madirisha yana nondo na kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni. Kuandika amekatazwa. Anabaki kutazama karatasi iliyobandikwa ukutani, mpaka anaona mwanamke nyuma ya nakshi zake akizitikisa atoke.

Kipimo changu ni chepesi: kiondoe kitu hicho chumbani. Ukiibandua ile karatasi, hadithi nzima imebomoka, maana mhusika hana tena cha kutazama, cha kunusa wala cha kuchana. Kitu kilichomo kweli ndani ya hadithi, kinachoshikika, kisha kikabeba maana kubwa kuliko umbo lake, hicho ni ishara. Sasa msikilize John akimwita mkewe bata bukini. Nyumba ile haina bata. Ukilifuta neno hilo, umepoteza sentensi moja tu. Hiyo ni sitiari, yaani kukiita kitu kwa jina la kingine. Vivyo hivyo kwa Kate Chopin: riwaya yake ya mwaka 1899, "The Awakening", inafunguka na kasuku aliye ndani ya tundu, anapiga kelele hadi mwenye kusoma gazeti anahama kiti. Kasuku huyo ni ishara. Lakini wewe ukiandika "Edna (mhusika mkuu wa riwaya) ni kasuku tunduni", umetunga sitiari yako mwenyewe, usimsingizie Chopin.

Jazanda, neno lililozoeleka zaidi katika madarasa ya Kenya (huku kwetu tunapenda taswira), ni picha inayochorwa kwa maneno akilini mwa msomaji. Ni pana mno kwa kazi uliyoipa, basi.

Hata hivyo, ningekurudisha mezani kwa jambo jingine: "karatasi" nzima ni ishara ya nini hasa? Mchana nakshi zake ni vurugu tu. Usiku, hasa mbalamwezi ikiingia, zinageuka kuwa nondo, na yule mwanamke wa nyuma anaonekana waziwazi. Kwa hiyo nakshi ni kifungo, mwanamke wa nyuma ni mfungwa. Tenganisha.

Sasa unyanyasaji. Neno hili likitamkwa, masikio yetu husikia matusi, makofi, mshahara ulionyimwa. John hapigi wala hatukani. Mkewe anapolia, anambeba mikononi, anampandisha ghorofani, anamlaza, anakaa kando yake na kumsomea kitabu mpaka kichwa kinamchoka. Anamdekeza! Mke akisema chumba hiki kinanitesa, mume anacheka. Hapo ndipo kukandamiza kunapofaa, kwa maana yake ya mwanzo kabisa: kuelemea kitu kwa uzito kisiinuke. Uzito wenyewe hapa ni wa upole, na ndiyo maana ni mgumu kuushtaki. Gilman aliujua, mwaka 1887 daktari mashuhuri, Silas Weir Mitchell, alimwandikia tiba ya kupumzika na kumwambia asiguse kalamu tena maisha yake yote.

(Wapo wanaoandika ugandamizaji. Sigombani nao, ila mimi neno mgandamizo nawaachia mafundi wa hewa na mashine.)

Pengine mtu wa pwani atakushawishi uandike kwamba mke huyo "ametawishwa". Usikubali. Kutawa, yaani mwanamke kukaa ndani kwa staha, kuna heshima yake na desturi yake, na mwenye kutawa anajulikana hivyo mtaani. Huyu kafungiwa kwa cheti cha daktari. Andika amefungiwa.

Hukuuliza manjano au njano, lakini nakupa ya bure. Yote mawili yanatumika, ila katika insha hii ningeshika manjano, kwa kuwa ndilo pia jina la kiungo cha jikoni. Katika hadithi, karatasi inachafua kila kinachoigusa; nguo za mke na za mume zina madoa yake. Mwulize yeyote aliyewahi kutwanga manjano akiwa amevaa kanzu nyeupe.