Kuongoza kitengo cha usuluhishi wa ardhi za jamii asilia: jibu langu kwa dada anayehamia makao makuu

Dada uliyeuliza, umesema unahamishiwa hapa Nairobi uongoze kitengo cha kusuluhisha migogoro ya ardhi, mafaili mengi ni ya jamii za wawindaji na wafugaji, na unataka kujua uanzie wapi, timu uichague aje, na kama usaini barua ya uteuzi vile ilivyo. Wengi hapo juu wamekujibu mambo ya kozi za upatanishi na vyeti. Kozi enda, hazina ubaya. Mimi nimekalia hicho kiti kwa ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, na kitu hao watu wa kozi hawatakuambia ni kwamba mshahara wako unalipwa na mmoja wa wale wanaogombana. Wewe ni serikali. Mzee wa msitu wa Mau ama wa Embobut, kule jamii zimefukuzwa misituni, akikuangalia haoni mpatanishi, anaona jamaa wa yule aliyekuja na notisi ya kuhama. Kwa hivyo kila kitu utapanga, watu, pesa, mahali pa kukutana, kipange ukijua hivyo.

Kabla hujaita mkutano hata mmoja, gawanya mafaili. Kuna ya jamii na jamii, malisho, maji, mpaka kati ya hawa na wale. Kuna ya ndani ya jamii yenyewe, na hizi zilijaa tangu ile sheria ya ardhi ya jamii ya 2016 ije, manake zile ranchi za vikundi za sheria ya 1968, ardhi iliyoandikishwa kwa jina la kikundi kizima, zilitakiwa zisajiliwe upya, na hapo ndio unapata maofisa wa zamani hawataki kuachilia rejista, vijana wanasema majina yao yaliachwa nje, wamama walioachika wakarudi kwao hawako kwa orodha kabisa. Hizi aina mbili ndio kazi yako haswa na Katiba inakubeba, kifungu cha 60 na cha 67 vinahimiza migogoro ya ardhi imalizwe kwa njia za jamii wenyewe, cha 159 kinaambia hata mahakama zipe nafasi usuluhishi na njia za kimila, bora tu haki za mtu zisikanyagwe. Hapo kwa haki simama imara, kuna mzee atakuambia mila yetu haimpi mwanamke ardhi, na kifungu hicho hicho cha 60 kimekataa.

Aina ya tatu ni jamii na serikali. Msitu uliotangazwa wa serikali kwa gazeti rasmi, mbuga, hifadhi. Hii ndio itakunyima usingizi.

Chukua Ogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa Mau. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke msituni, kesi ikazunguka mpaka ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, 26 Mei 2017 wakashinda, alafu 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia, shilingi 57,850,000 za hasara ya mali na 100,000,000 za yale madhara yasiyoonekana kwa macho, na juu ya hapo serikali iwapimie ardhi yao iwape taito. Sasa niambie, faili kama hio ikitua mezani kwako na kikaratasi juu kimeandikwa "ipelekwe kwa usuluhishi", unasuluhisha nini? Ukiita watu mkae muongee kama Ogiek wana haki ya kuwa pale, umewarudisha nyuma ya 2017, na kuna watu watafurahi sana ukifanya hivyo, manake mazungumzo ni njia tamu ya kuvuta siku. Rudisha hio faili na barua. Lakini usirudishe yote, hapa ndipo inataka akili. Hukumu yenyewe iliacha kipande cha kuongea: wale waliopewa lisi (mikataba ya kukodi) na vibali ndani ya ardhi ya Ogiek, mahakama ilisema pande zikae zikubaliane kama wataendelea kwa kukodi ama kwa kugawana faida na wenyewe. Hicho kipande ni chako, kichukue, na kwa hio barua uandike wazi ni hicho tu.

Endorois nao, jamii ya wafugaji, walitolewa Ziwa Bogoria miaka ya sabini, uamuzi wa Tume ya Afrika kuwapa haki ukapitishwa na Umoja wa Afrika Februari 2010. Mtu amengoja hivyo, ukimwambia neno "mchakato" anakucheka usoni, na hana makosa.

Kitu ingine kwa kesi za misitu. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya mababu na ardhi zilizokaliwa kimila na jamii za wawindaji ni ardhi ya jamii. Kifungu cha 62 kinasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma, isipokuwa ile ambayo hicho cha 63 kinasema jamii inaishikilia, kuisimamia ama kuitumia kihalali kama msitu wa jamii, malisho ama mahali pa kuombea. Wakili wa upande wa serikali atasoma nusu ya kwanza ya cha 62 alafu ashike glasi ya maji. Wewe soma yote kwa sauti, na ikitafsiriwa. Kusoma sheria mpaka mwisho si kupendelea mtu.

Mahali pa kukutana. Usiwaite Upper Hill, kule kwa maofisi ya Nairobi. Hawa watu wanapanda basi la usiku, wanashuka mjini saa kumi na moja asubuhi na baridi, wanafika getini askari anashika vitambulisho vyao, wanapandishwa lifti wanaingia chumba cha viti vya kuzunguka, na mbele yao wakili na kompyuta. Nimeona mzee ambaye kwao akiongea hakuna anayekohoa, hapo anasema "sisi tumekuja kusikiliza tu". Nenda wewe kwao. Na ukienda usiende kwa gari la idara ambayo jamii inalalamikia, hii naona ikifanyika kila mwaka kwa sababu mafuta ya ofisi hayajatoka na wenzetu wako na gari linaenda huko huko. Mkishuka kwa mlango wa hilo gari mkutano umekwisha, hata kama mtaongea mpaka jioni. Kama mafuta hayajatoka ahirisha, piga simu waambie ukweli. Hata chakula, lipieni wenyewe, na nauli ya wanajamii itoke kwa ofisi yako kwa rejista iliyo wazi, ili kesho mtu asiseme fulani alinunuliwa.

Mipaka sasa. Saveya, yaani mpima ardhi, anakuja na akili ya bikoni (alama za mpaka) nne na kipande cha mraba. Lakini ukikaa na Ogiek utasikia kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya msitu inayopanda kutoka chini kwa joto mpaka juu kwa baridi, manake maua hayachanui wakati mmoja, nyuki wanafuata maua, na mwenye mizinga anafuata nyuki. Hio huwezi ichora ukiwa ofisini. Mimi utaratibu wangu ulikuwa kutembea kwanza, wazee mbele, saveya nyuma na jipiesi (GPS), tunachukua majina ya vijito, miti ya mizinga, makaburi, mahali pa kuombea, bila kuonyesha mtu ramani yoyote. Baadaye ndio unaleta ramani za ofisi ya upimaji ya serikali kule Ruaraka na notisi za gazeti la serikali unaweka juu ya ile mliyotembea. Ukianza na ramani ya serikali watu watapigania mstari uliochorwa na mtu mwingine na hutawahi sikia ile habari yenyewe. Kwa wafugaji ni tofauti kidogo, wao mpaka wa masika si mpaka wa kiangazi, makubaliano yoyote yasiyosema ukame ukija nani anapita wapi na ng'ombe wangapi hayamalizi msimu.

Timu: chukua mtu wa masjala anayependa karatasi, ni muhimu kuliko wakili wa tatu. Chukua wanawake wa kutosha wakae na wamama pembeni, kuna mambo ya urithi hayatasemwa mbele ya wazee. Mkalimani tafuta nje, usimtumie chifu, chifu ni mtu wa serikali ya kitaifa na kila mtu kwa kikao anajua anaripoti kwa nani.

Na kabla ya kikao cha kwanza uliza kila upande: nani amekutuma na unaweza kusaini nini? Kwa jamii iliyosajiliwa ni rahisi, mkutano wao unataka angalau theluthi mbili ya wanachama, na kamati ya watu 7 mpaka 15 inachaguliwa hapo, basi dai muhtasari wa huo mkutano, usikubali mwenye muhuri peke yake, mihuri inachongwa River Road. Ambayo haijasajiliwa, ardhi iko chini ya kaunti kwa niaba yao, na kaunti nayo huwa na hamu zake. Lakini shida kubwa haikuwa jamii, ilikuwa upande wetu. Kila kikao afisa mpya, "nimetumwa nisikilize". Nilifika mahali nikasema bila barua inayompa mtu mmoja uwezo wa kukubali ama kukataa, sifungui kikao, na wakubwa walininunia miezi mingi tu lakini barua zilianza kuja.

Mkikubaliana na kuna kesi mahakamani, pelekeni makubaliano Mahakama ya Mazingira na Ardhi yawe amri. Ukihamishwa, na utahamishwa, atakayekuja anaweza kufungia faili kwa kabati, amri ya mahakama hawezi.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama usaini barua ya uteuzi vile ilivyo: angalia ripoti zako zinaenda kwa nani kwanza. Kama zinapita kwa mkubwa wa idara kabla jamii kuziona, omba waongeze mstari mmoja kwamba muhtasari wa kila kikao unapewa pande zote siku hio hio. Wakikataa huo mstari, bado hujahama, waambie wakuache pale ulipo.