Ndugu Aliyepotea na Ndege ya Mabomu: Anza na Ndege, Si na Jina Lake

Anayetafuta habari za babu au mjomba aliyekufa kwenye ndege za mabomu za Uingereza katika Vita Kuu ya Pili kwa kawaida huandika jina lake kwenye intaneti, hupata kaburi au jina lililochongwa ukutani, kisha hukwama. Hukwama kwa sababu nyaraka nyingi za Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, hazikupangwa kwa majina ya watu. Zilipangwa kwa skwadroni, yaani kikosi cha ndege, na kwa tarehe na ndege. Kamandi ya ndege za mabomu peke yake ilipoteza wanaanga 55,573, na wengi wao walikufa pamoja na wenzao. Ndege za aina ya Lancaster, Halifax na Stirling kwa kawaida zilibeba watu saba, Wellington watano au sita, Hampden wanne, Blenheim watatu, Mosquito wawili. Ukiijua ndege, utakuwa na majalada ya wote waliokuwemo, na mara nyingi habari za ndugu yako zimo kwenye jalada la mwenzake.

Fungua kwanza rejista ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC. Ni bure. Nakili namba yake ya jeshi, cheo, tarehe ya kifo, skwadroni na makaburi alimozikwa. Kama hakupatikana, utapewa namba ya ubao wake kwenye Ukumbusho wa Runnymede, karibu na London, penye majina zaidi ya 20,000 ya waliokosa kaburi linalojulikana. Usifunge ukurasa kabla ya kutazama picha za karatasi za zamani zilizowekwa chini yake. Karatasi za kuhamisha miili huonyesha alikozikwa mara ya kwanza, na mara nyingi kijiji hicho ndicho kilicho karibu na mahali ndege ilipoangukia. Ukikuta imeandikwa kaburi la pamoja, maana yake miili haikuweza kutenganishwa. Andika majina yote yaliyo katika kaburi hilo.

Kwa familia zilizokuwa Afrika Mashariki wakati huo, tumia sehemu ya kutafuta kwa maelezo ya ziada. Humo hutajwa wazazi au mke na mahali walipoishi, kwa hiyo jaribu Nairobi, Kenya, Tanganyika, Uganda au Zanzibar, ukichuja kwa jeshi la anga. Usipopata kitu usikate tamaa, kwani maelezo hayo yalitegemea familia kujaza na kurudisha fomu baada ya vita, na nyingi hazikurudi.

Namba ya jeshi ina uzito kuliko jina. Majina hufanana na makarani walikosea tahajia, lakini namba ilikuwa ya mtu mmoja. Kuna mtego mmoja: sajenti aliyepandishwa kuwa ofisa alipewa namba mpya, na pengine tangazo lake lilitoka kwenye gazeti la serikali, London Gazette, wakati ameshakufa. Tafuta kwa namba zote mbili.

Mtego wa pili ni tarehe. Ndege iliondoka jioni, ikaangushwa baada ya saa sita usiku, na karani mmoja akaandika tarehe ya kuondoka huku mwingine akiandika tarehe ya kifo. Ndiyo maana wenzake wa ndege moja wanaweza kuwa na tarehe mbili tofauti. Andika daima kwa mtindo wa usiku wa 30 kuamkia 31 Machi 1944, na utafute pande zote mbili.

Sasa ipate ndege yenyewe. Hifadhidata ya waliopotea ya kituo cha kumbukumbu cha International Bomber Command Centre, mjini Lincoln, hukupa bure aina ya ndege, namba yake, kiwanja ilikoruka na majina ya wenzake. Namba ya ndege ni herufi moja na tarakimu nne, au herufi mbili na tarakimu tatu. Usiichanganye na herufi kubwa zilizochorwa ubavuni. Lancaster ya rubani Guy Gibson katika shambulio la mabwawa ya Ujerumani la Mei 1943 ilikuwa ED932, na ubavuni ilisomeka AJ-G: AJ ya skwadroni ya 617, G ya ndege yenyewe. Ndege ikipotea, herufi yake ilipewa ndege nyingine, pengine ndani ya wiki hiyohiyo. Anayetafuta kwa herufi za kwenye picha ya familia anaweza kuangukia ndege ya watu wengine kabisa.

Ukiwa na skwadroni na tarehe, nenda Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, kwenye kundi la nyaraka AIR 27. Hivi ni vitabu vya kila siku vya skwadroni, na vingi vinapatikana mtandaoni. Kila mwezi una sehemu mbili. Fomu 540 ni muhtasari, na fomu 541 hutaja kila ndege, kila mtu aliyekuwemo, saa ya kuruka na saa ya kurudi. Kwa ndege iliyopotea utakuta mstari mfupi tu kwamba haikusikika tena baada ya kuruka. Unaumiza kuusoma, lakini usiishie hapo. Rudi nyuma mwezi hadi mwezi, uorodheshe safari zake zote: miji iliyoshambuliwa, nani alikuwa rubani, nani alibadilishwa. Soma pia waliorudi usiku uleule walieleza nini kuhusu hali ya hewa na ndege walizoziona zikiwaka.

Hesabu watu. Ukikuta wanane kwenye Lancaster, mara nyingi wa nane ni rubani mgeni aliyepelekwa kujifunza kabla ya kupewa wenzake. Katika skwadroni ya 101 huenda alikuwa mtu wa vifaa vya kuvuruga redio za Wajerumani. Ukikuta ndugu yako katikati ya watu ambao hajawahi kuruka nao, huenda alijaza nafasi ya mgonjwa usiku huo.

Sehemu yenye utajiri kuliko zote ni uraia wa wenzake. Watu wa ndege moja walitoka nchi mbalimbali, na Australia na Kanada zimefungua majalada ya waliokufa. Kama hata mmoja wa saba alikuwa Mwaustralia, ingia Hifadhi ya Taifa ya Australia, kundi la A705, uandike jina lake au namba ya ndege. Majalada mengi humo yamepigwa picha na husomwa bure. Humo mna barua kwa familia, taarifa za Wajerumani zilizopitia Msalaba Mwekundu huko Geneva, maelezo ya walionusurika, na ripoti za wachunguzi waliokwenda kijijini baada ya vita. Ripoti hizo zinahusu watu wote wa ndege, Mwingereza na aliyetoka Kenya wakiwemo. Majalada ya Wakanada waliokufa kati ya 1939 na 1947 nayo yako wazi.

Upande wa Uingereza, majalada ya vifo na majeruhi yamo AIR 81, ambayo hufunguliwa kwa awamu kufuata tarehe kuanzia 1939. Jiandae kabla ya kuyasoma, hasa mzee wa familia akiwa pembeni. Vita vilipokwisha, watu wa RAF takriban 42,000 walikuwa hawajulikani walipo, na kitengo maalumu cha uchunguzi kilizunguka Ulaya kikifukua makaburi. Utambuzi ulifanywa kwa alama za dobi kwenye shati, pete, beji ya cheo, kitambaa cha sare. Ripoti huandika hali ya mwili bila kuficha.

Kama alikufa mafunzoni, na zaidi ya 8,000 walikufa hivyo, AIR 27 haitakusaidia. Vitengo vingi vya mafunzo viko AIR 29, na kadi za ajali zinatunzwa na makumbusho ya RAF huko Hendon. Kitabu chake cha safari za ndege usikitafute sana: vingi vya waliokufa ambavyo familia hazikuvidai viliteketezwa na serikali miaka ya 1960.

Wamarekani wana utaratibu tofauti. Kuanzia 1943 kila ndege iliyopotea ilifunguliwa ripoti yenye majina ya wote, mashahidi wa mwisho na hata namba za injini na bunduki. Moto wa 1973 kwenye hifadhi ya nyaraka huko St. Louis, Marekani, uliunguza rekodi nyingi za utumishi za jeshi lao, lakini ripoti hizo, na majalada ya mazishi, hayakuwemo. Kwa wenye asili ya Kipoland, wakiwemo waliotokana na wakimbizi wa kambi ya Tengeru karibu na Arusha, majina ya waliotumikia jeshi la anga la Poland nchini Uingereza yamo kwenye orodha ya mtandaoni iitwayo Lista Krzystka.

Halafu kuna watafiti wa vijijini. Uholanzi, kikundi cha SGLO kina rejista ya ndege zote zilizoanguka nchini humo, kila moja na namba inayoanza na T. Wasikilize, lakini omba ushahidi. Mabaki ya Stirling yaliyogunduliwa katika ziwa Markermeer mwaka 2008 yalidhaniwa kwanza kuwa ya BK710. Baadaye kikasha cha sigara chenye herufi za jina la mmoja wa waliokuwemo kilionyesha kuwa ni BK716 ya skwadroni ya 218, iliyopotea Machi 1943, na ikaopolewa mwaka 2020. Vivyo hivyo, mtu akikutajia rubani wa Kijerumani aliyemwangusha ndugu yako, uliza saa na mahali. Usiku wa 30 kuamkia 31 Machi 1944, katika shambulio la mji wa Nuremberg nchini Ujerumani, zilipotea ndege 95, na kuoanisha kila moja na rubani aliyeiangusha mara nyingi ni kukisia.

Ukiamini kwamba ndugu yako amelala kwenye kaburi lisilo na jina, usiguse chochote wala kuokota vipande vya ndege. Nchini Uingereza mabaki hayo yanalindwa na sheria ya 1986, na kuyachimba kunahitaji leseni. Andika hoja yako na uipeleke CWGC, ambako ikikubalika hupitishwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Watataka uonyeshe cheo au sare iliyoonekana kwenye mwili, tarehe na mahali ulipopatikana. Watataka pia orodha ya kila mtu mwingine wa RAF aliyepotea eneo hilo, pamoja na sababu ya kumwondoa mmoja baada ya mwingine. Orodha hiyo ndiyo kazi kubwa. Ianze mapema, ukiwa bado unapitia AIR 27.